Foromaji Iliyolala Majini

Mdomo wangu umenifukuzisha katika miji mingi, lakini mara moja tu ulikaribia kuua watu. Au ndivyo nilivyoamini kwa siku nzima na asubuhi iliyofuata.

Niliacha shule nikiwa bado sijamaliza msingi. Sikuikimbia, wala yenyewe haikunifukuza. Siku moja nilifuata lori la samaki hadi ziwani ili nione samaki wanapotoka, na nilipokumbuka kurudi darasani wenzangu walikuwa wamepita. Tangu hapo sijakaa mahali. Nimebeba kreti Mahagi, nimeendesha pikipiki za watu Kisangani, nimeosha sahani katika hoteli Kampala. Kila nilipokwenda nilitaka kujua kitu kimetengenezwa kwa nini, kinafunguka vipi, kina ladha gani. Na kila nilipochoka au nilipochokwa, nilirudi Bunia, mtaa wa Shari, kwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliyenilea.

Mama mdogo alikuwa mpishi wa sherehe. Ubatizo, matanga, mahari, ugeni wa padri: watu walimwita, naye alifika na sufuria zake, mbabula zake mbili, yaani majiko ya makaa, na mabeseni yenye vifuniko. Sombe yake, yale majani ya muhogo ya kutwanga, ilijulikana. Lakini ukimtazama akipika ungedhani analinda mahabusu. Hakuondoka kwenye sufuria hata kwenda chooni bila kumweka mtu wa nyumbani akae pale. Mgeni akisogea kuchungulia, alifunika.

Alikuwa na sababu. Mwanamke mwenzake, mpishi kama yeye wa mtaa mwingine, aliwahi kupika kwenye ubatizo, na jioni watu kadhaa wakaharisha. Huenda maharage yalichacha. Ilikuwa kiangazi, jua kali. Lakini kesho yake pale bombani mtu mmoja alitamka neno moja tu, sumu. Siku ya tatu vijana walifika kwa yule mama na mawe. Sufuria zake zilitobolewa moja moja, mlango ukang'olewa, naye akatoka na watoto wake kupitia nyuma ya choo. Hakuna aliyemwona tena. Mama mdogo alinunua kwa jirani yake beseni lake moja lililobaki, na kila alipoliosha aliacha kuimba.

Kwetu mtu akikuletea chakula au kinywaji, yeye huonja kwanza mbele yako. Tunasema anatoa sumu. Ukiombwa kutoa sumu hukasiriki. Unaonja, mnacheka, mnakula.

Basi, kiangazi kimoja, si zamani, mama mmoja wa familia yenye jina mjini alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu, akiwa amejifunga kitenge cha kwenda misani. Mwanawe wa kwanza alikuwa anarudi kutoka Ulaya baada ya miaka mingi. Alitaka chakula cha mchana cha watu kumi na wawili, familia tupu, na kikienda vizuri mama mdogo ndiye angepika harusi ya binti yao baada ya Pasaka.

"Sombe, samaki, kuku, ile yote unajua," alisema. "Lakini mutoto iko anaomba kitu moja ya kuanzia. Nyanya ya baridi na ile foromaji nyeupe. Mozarela. Anasema kule wanakulaka ile wakati ya joto."

Mama mdogo alinitazama. Foromaji ni jibini, hiyo aliijua, lakini neno mozarela hakuwahi kulisikia, niliona. Kabla hajafungua kinywa, mimi nikasema:

"Minaijua ile. Kampala nilikuwa naifanya kila siku."

Uongo wangu ulikuwa na kipande cha ukweli ndani. Katika ile hoteli niliiona kila siku: duara jekundu, duara jeupe, jani la kijani, mafuta yanang'aa juu. Niliiona ikitoka nzima na kurudi imebomolewa, nami nikaisugua sahani. Kuonja sikuonja. Aliyekamatwa akila mabaki alifukuzwa siku hiyo hiyo, na mimi nilihitaji ile kazi wiki mbili zaidi.

Mgeni alipoondoka mama mdogo alinigeukia.

"Weye unajua kuipika?"

"Haipikwe, mama. Inakatwa tu."

"Inakatwa tu." Alinitazama paji la uso. "Kitu ya kukatwa tu, mbona uko unatoka jasho?"

Duka lenye vitu vya namna hiyo ni moja, kwenye barabara kubwa, wanakonunua wafanyakazi wa mashirika. Nilikwenda siku moja kabla ya chakula. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, na ndani, kwenye friji ya kioo, niliikuta: mifuko midogo ya plastiki, na ndani ya kila mfuko donge jeupe likielea kwenye maji kama jicho. Mifuko miwili ilikuwa imevimba. Niliirudisha, nikachagua minne iliyolegea. Tarehe ilikuwa imepigwa mhuri pembeni, lakini unyevu ulikuwa umeifuta nusu. Niliona siku, sikuona mwezi.

"Kuran ilikatika hapa?" nilimuuliza muuzaji, nikimaanisha umeme.

"Kidogo tu."

"Kidogo ni saa ngapi?"

"Baba, uko unanunua foromaji ao uko unafanya anketi?"

Watu wawili waliokuwa nyuma yangu walicheka, eti mimi mpelelezi. Sikuacha. Nilimuuliza itajulikanaje kama imeharibika.

"Foromaji yote inanukaka," alisema. "Ukiona haina harufu hata kidogo, ndiyo ubaya."

Nililipa, nikaondoka. Siku hiyo mtandao ulikuwa umekatika mji mzima, na simu yangu haikuweza kuniambia kitu. Nyumbani niliweka ile mifuko kwenye beseni la maji ya kisima, nikafunika kwa gunia lililoloa, jinsi tunavyoweka bia.

Asubuhi, mama mdogo akiwa anawasha makaa, nilipasua mfuko wa kwanza.

Maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Nilinusa. Hakuna kitu. Nilinusa tena, nikaweka pua kabisa kwenye donge lenyewe. Hakuna kitu, hata harufu ya ng'ombe haikuwapo. Nikamsikia muuzaji kichwani.

Jibini tunayoijua sisi hutoka milimani. Ni gurudumu la manjano, gumu, limefungwa karatasi. Linaweza kukaa mezani wiki nzima likitoa jasho la mafuta, na nyumba nzima inajua lipo. Halitoi maji. Na maziwa yaliyogeuka maji, kwa watu wote niliokulia kati yao, ni maziwa yaliyokufa. Nilitia ncha ya ulimi kwenye yale maji, nikasikia chumvi, chumvi kidogo.

Hapo nikafurahi, kwa sababu nilidhani nimeelewa. Kumbe ni kama makayabo! Samaki wa chumvi humlaza majini, humwaga yale maji, humlaza tena, mpaka chumvi imtoke, ndipo analika. Waliotengeneza kitu hiki walikitia chumvi kisiharibike njiani, na mpishi anatakiwa kukitoa. Mama mdogo alikuwa amenifundisha mwenyewe: mara tatu kwa makayabo mwembamba, mara tano kwa mnene. Nikapasua mifuko yote minne. Maji ya kwanza niliyamwaga nyuma ya jiko, kwenye shimo dogo. Nikaweka maji mapya, nikasubiri, nikamwaga, nikaweka mengine. Mara tatu. Nilijiona fundi.

Saa tatu nilitoka nyuma kuchukua makaa nikamwona mbwa wa jirani. Alikuwa amesimama karibu na lile shimo, mgongo umepinda kama daraja, kichwa chini. Ukingo wa shimo ulikuwa umelambwa hadi udongo unang'aa. Akatapika povu jeupe. Akasogea hatua mbili, akatapika tena, akalala ubavu. Mbavu zake zilipanda na kushuka haraka haraka. Aliniangalia kwa jicho moja.

Sijui mbwa yule alikuwa amekula nini kingine asubuhi ile. Mpaka leo sijui. Lakini pale niliposimama, na koleo mkononi, nilijua kitu kimoja tu: alikunywa maji ya foromaji.

"Weye!" mama mdogo aliita kutoka mbele. "Nyanya itajikata yenyewe?"

Nilirudi ndani. Nilikata kipande cha donge, nikakitia mdomoni. Kilikuwa kinateleza, kisha kikalia kwenye meno, kwii, kama raba ya mwanafunzi. Ladha hakikuwa nayo. Nilimeza, nikakaa kwenye kiti kidogo na bakuli la nyanya magotini, nikalisikiliza tumbo langu.

Ni jambo gumu kulisikiliza tumbo ukiwa na hofu, kwa sababu hofu nayo hukaa humo humo. Lilijikunja. Nikasema, ndiyo hiyo. Likatulia. Nikasema, inasubiri. Nilikata nyanya nikipatana bei na nafsi yangu: nikifika kwenye nyanya ya mwisho bila kutapika, tutaiandaa. Nikafika ya mwisho. Nikachukua nyingine tatu zisizohitajika, nikazikata nazo.

Ilikuwa rahisi kusema. Maneno manne: mama, tuache hii foromaji. Angenitukana, tungewapa nyanya na kitunguu, kijana wa Ulaya angenuna kidogo, basi. Lakini ningesema nini juu ya Kampala? Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri tangu alfajiri, na juu yake nguo ya kupikia ili kisichafuke. Alikuwa anaimba chini chini. Nilijiambia nitasema tukifika.

Tulikwenda kwa pikipiki tatu, sufuria zimefungwa kwa mpira, mimi wa mwisho na beseni la foromaji kwenye mapaja. Kwenye ua wa nyumba ile kulikuwa na lumbalumba, aina ya mrehani, limepandwa kando ya ukuta kufukuza mbu, na niliponusa majani yake nikakumbuka lile jani la kijani la Kampala. Nilichuma. Jikoni nikaanza kupanga: nyanya, foromaji, nyanya, foromaji, zikilaliana kwenye sahani nyeupe, majani juu, chumvi kidogo kwenye nyanya, mafuta. Mikono ilikuwa inajua, maana macho yalikuwa yameona sahani mia.

Mama mdogo alikuja nyuma yangu. Nikafungua mdomo kumwambia.

"Aa," alisema. Aliinama, akaangalia kwa muda. "Kumbe weye uko na mikono." Akaniwekea kiganja mgongoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipokuwa mdogo.

Nikafunga mdomo.

Mezani walikuwa kumi na wawili kama tulivyoambiwa. Kwenye kichwa cha meza aliketi bibi mzaa baba wa yule kijana. Wote walimwita koko. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mtu wa ng'ombe, kutoka upande wa Djugu, na ng'ombe wake walikuwa wamebaki kwenye mikono ya watu wengine, hivyo tuliambiwa jikoni. Mjukuu alikaa kulia kwake. Mimi na mama mdogo tuliingia na sahani, tukaziweka, na koko akaiangalia yake bila kuigusa.

"Hii nini? Ni sabuni?"

Meza ilicheka.

"Ni foromaji, koko," alisema kijana. "Ile nilikuambia."

"Nani alifanya?"

Nilikuwa mlangoni na sinia tupu. Mama mdogo alijibu kabla yangu, jinsi alivyojibu siku zote kwa kila kitu kilichotoka katika jiko lake:

"Ni mimi, mama."

"Toa sumu basi."

Watu walicheka tena, ila kijana aliona haya. "Koko, sasa hivi watu hawasemake vile."

"Sasa hivi watu hawafe?"

Mama mdogo hakukasirika. Alichukua uma, akainama juu ya sahani ya koko. Hakuchukua kipande cha pembeni kama watu wajanja. Alichukua cha katikati, cheupe, pamoja na nyanya yake. Mdomo wangu huu, unaojibu kabla ya kuulizwa, unaouliza wauza duka saa za umeme, ulikuwa umeganda. Nilimwona akifungua kinywa. Nilimwona akitafuna, nikaona nyusi zake zikipanda kidogo pale foromaji ilipolia kwenye meno. Akameza. Akatabasamu.

"Karibuni," alisema.

Wakaanza wote kwa pamoja, uma kumi na mbili.

Kijana alitafuna, akafikiri. "Iko sawa. Ila... haina chumvi kabisa. Kule inakuwaka na chumvi kidogo." Lakini aliendelea kula. Shangazi mmoja alisema ni kama kula mpira wa watoto. Koko alikuwa ameweka kipande kwenye ulimi na kufunga macho, nami nikaanza kumhesabia pumzi.

"Ile najua," alisema hatimaye. "Ile najua! Ngombe akizaa, maziwa yake ya siku ya kwanza, unaweka kwa moto inashikana. Inakuwa hivi hivi. Inalia hivi kwa meno. Hata chumvi haina." Alifungua macho, yalikuwa na maji. "Mulitoa wapi?"

"Kwa duka, koko."

"Unadanganya." Akamaliza sahani yake. Akaivuta ya msichana aliyekaa kushoto. "Mwenye hapendi anipe."

Waliompa walikuwa watatu. Mimi sikutoka mlangoni. Nilihesabu vipande: vitano, saba, tisa. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti, mishipa imesimama juu, na kila kipande kiliposafiri kutoka sahani hadi kinywani nilikifuata kwa macho. Mbwa alikuwa mkubwa kuliko yeye.

Jikoni, mama mdogo alipokuwa anapakua samaki, nilimwambia. Nilimwambia yote kwa sauti ya chini, maji, shimo, povu. Hakuacha kupakua. Alimaliza sinia, akaifuta ukingo, akampa binti wa nyumba aipeleke. Kisha akanigeukia.

"Mbwa ya nani?"

"Ya jirani, ile nyekundu."

"Ilikufa?"

"Sijui. Nilienda kuangalia kabla ya kutoka, haikuwa pale."

"Na weye ulikula?"

"Nilikula. Saa tatu."

"Unasikia nini?"

"Woga."

Akaweka mkono mdomoni. Niliona anataka kutapika kwa makusudi, kisha nikaona amekumbuka dirisha la jikoni linatazamana na sebule, na mpishi akionekana anatapika, mambo yameisha. Akaushusha mkono.

"Na ukaniacha nikule," alisema. "Mbele yao. Ukaniacha niwaonyeshe njia."

Nikausukuma mlango wa jikoni mpaka ukafungwa.

"Tuseme?" nilimuuliza.

"Tukisema, ni siye. Tukinyamaza na mutu akufe, ni siye vilevile." Akachukua mwiko. "Leta kuku."

Tangu hapo tulipika kwa masikio. Mtu akikohoa sebuleni, mama mdogo alisimama na mwiko hewani mpaka kikohozi kiishe. Kiti kikiburutwa, tulitazamana. Mara moja watu walipiga kelele wote kwa pamoja, na mimi nilishika kitasa cha mlango wa nyuma. Kumbe kijana alikuwa anawaonyesha picha kwenye simu. Nilijua kutoka kwenye ua ule hadi barabarani ni hatua ngapi, na nilijua pia kwamba mama mdogo, kwa magoti yake, hawezi kuzikimbia.

Saa nane, kabla ya kahawa, binti wa nyumba alipita na mto mkononi.

"Koko amelala," alisema.

"Anaumwa?" mama mdogo aliuliza, haraka mno.

"Hapana. Anasema ameshiba sana. Anataka kulala."

"Analalaka kila siku?"

"Siku ingine ndiyo, siku ingine hapana."

Jibu hilo lilitufanya tubaki. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini tuliosha sahani polepole, tukazifuta, kisha mama mdogo akazirudisha zilizo safi kwenye beseni tukaanza upya. Alisugua sakafu ya jiko lisilo letu. Mama wa nyumba alipita akasema, "Mama, inatosha, muko munafanya mingi," naye akajibu kwamba hapendi kuacha jiko la watu na uchafu. Jua liligeuka upande wa pili wa ukuta. Mlango wa chumba cha koko ulibaki umefungwa. Saa kumi na moja hatukuwa na kitu kilichobaki cha kuosha, na ilibidi tuage. Mama wa nyumba alitushukuru vizuri sana. Alisema koko bado amelala, tusimwamshe.

Nyumbani mama mdogo alikaa mlangoni na mgongo kwangu. Tumbo langu lilikuwa halina neno, na lake nalo vivyo hivyo. Nilimuuliza mara moja, akatikisa kichwa. Lakini sisi ni watu wa nguvu. Nilikuwa namfikiria yule mwembamba na vipande vyake tisa.

Kulipopambazuka alikuja kuniamsha, ila sikuwa nimelala.

"Enda ukaangalie," alisema.

Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu pikipiki ingenifikisha haraka mno. Njia nzima nilijua nilichokuwa natafuta: wanawake wamesimama getini na mikono kichwani, viti vya plastiki vinashushwa, turubai. Nilipokata kona ya barabara yao, geti lilikuwa wazi. Asubuhi ile, geti wazi. Wanaume wawili walikuwa wamesimama pale wakiongea kwa sauti ya chini. Miguu yangu ilitaka kurudi. Nikaiburuta hadi mkabala na geti, nikachungulia.

Koko alikuwa ameketi kwenye mkeka, kwenye kipande cha jua, anasugua meno kwa kijiti.

Nilishika nguzo ya geti.

"Weye mwenye sahani," aliita. "Kuja hapa."

"Umeamukaje, koko."

"Nimeamuka, unaona. Nyumba yote imeamuka. Unatafuta nini mapema hivi?"

"Nilisahau kisu."

"Kisu." Akatema mate pembeni. "Jana nilikuwa nakula, weye macho yako ilikuwa kwa mukono yangu. Inatoka kwa sahani, inaingia kwa kinywa, inatoka kwa sahani. Nikasema, huyu iko na njaa. Halafu nikaangalia vizuri. Haikuwa njaa." Alinitazama, na kijiti kikabaki kimesimama kati ya meno. "Ulikuja kuangalia kama nilikufa."

Wale wanaume walikuwa nyuma yangu hatua tano. Neno moja lake lingetosha. Nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikaenda, ikapotea kabisa.

"Niliogopa, koko," nilisema. "Sikuwa naijua ile kitu. Nilidanganya kama naijua."

"Na mama yako?"

"Hakujua kitu. Mama hakujua."

"Hakujua. Hiyo niliona. Alikula, macho yake ilikuwa safi. Mimi nilikula kwa sababu ya macho yake, si kwa sababu ya foromaji yako." Akarudisha kijiti mdomoni, akasugua, akakitoa. Sauti yake ilishuka hadi mimi tu ningesikia. "Siku ingine ni weye unatoa sumu. Weye mwenyewe. Usitume mama."

"Ndiyo, koko."

"Na ukipata ile tena, lete. Lakini usinidanganye inatoka kwa duka."

Nilirudi nikikimbia. Mama mdogo hakuwa nyumbani. Alikuwa amesimama barabarani kabisa, mbali na kwetu, kitenge cha jana bado kimefungwa kiunoni, vumbi hadi magotini. Nadhani alikuwa anatembea kuja kunifuata na akashindwa kuendelea. Aliniona kutoka mbali. Hakunyanyua mkono.

"Koko?" aliuliza nilipofika.

"Iko. Anasugua meno."

"Na wengine?"

"Wako."

"Wote?"

"Wote, mama."

Akakaa chini pale pale katikati ya barabara, na pikipiki zikaanza kumpigia honi kutoka pande zote mbili, zikipinda kushoto na kulia kwake, na yeye hakusogea.